Taa ya bluu: kisa cha mzee wa Katuba na dawa mbili zilizokutana

"Juu ya nini hii taa yenu iko bluu?"

Aliyeuliza alikuwa mzee wa miaka 61, amelazwa kitanda cha kwanza karibu na mlango, shati limelowa jasho hadi kiunoni. Taa yetu ni ile nyeupe ya kuchaji, tuliitundika kwenye msumari kwa sababu umeme ulikatika tangu magharibi. Haina bluu hata chembe. Kijana niliyekuwa naye zamu alinitazama, akidhani mzee ameanza kuweweseka. Mkononi alikuwa tayari ameshika kidonge cha nitrati, dawa ya kifua kinachobana, cha kumwekea mgonjwa chini ya ulimi, kwa kuwa kifua kilikuwa kimerudi kubana.

Nilimzuia mkono. Kama kidonge kile kingeingia, naamini tungempoteza mzee kabla ya alfajiri.

Mimi ni muuguzi wa kituo kidogo cha afya Katuba, Lubumbashi. Mzee na mkewe wameniruhusu kusimulia. Nimegeuza mambo madogomadogo ili jirani asiwatambue, lakini dawa, dozi na saa nimeziacha zilivyokuwa. Naeleza kwa urefu kwa sababu usiku ule kila mtu alifanya jambo ambalo, ukilitazama peke yake, lilikuwa na akili: mzee, mkewe, na sisi tuliompokea. Tulikaribia kumuua sote kwa pamoja, kila mmoja kwa nia njema.

Mzee alifanya kazi migodini ujana wake wote. Sasa ana kibanda cha vipuri vya magari karibu na soko la Kenya (msomaji wa mbali ajue kwamba Kenya ni komini ya mji wetu). Presha, ambayo hapa tunaiita tansio, anayo tangu miaka kumi. Sukari ilifuata miaka minne baadaye. Kila asubuhi anakunywa amlodipini, haidroklorothiazidi na metfomini, na ni mtu makini, hasahau. Miezi minane kabla ya usiku ule alianza kubanwa kifua akipanda ngazi au akibeba mzigo. Daktari wa hospitali moja mjini alimpa vidonge vidogo vya isosobidi dinitrati, akamwambia: kifua kikibana, kaa chini, weka kimoja chini ya ulimi. Alikuwa amevitumia mara mbili tu. Vidonge hivyo havikai kwake. Mkewe ndiye anayevitunza, vimefungwa katika kipande cha karatasi ya daftari, ndani ya kipochi chake, pamoja na funguo na hela za teksi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya hospitali. Kwa miaka mitatu hivi uume wake ulikuwa hausimami vizuri, na mwaka wa mwisho ulikuwa hausimami kabisa. Alhamisi ya wiki ile alikwenda kwa kijana anayeuza dawa karibu na soko, akaomba "ile ya nguvu". Kijana akachukua bamba, akakata vidonge vinne kwa mkasi. Aliuliza swali moja tu: "Ya mia moja ao ya hamsini?" Mzee akachagua mia moja, kwa kuwa bei zilikaribiana.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya mahari ya mpwa wake, Kampemba. Bukari (ugali), nyama ya mbuzi, samaki thomson wa kukaanga wanaoelea kwenye mafuta, na chupa mbili za bia ya Simba. Saa mbili usiku, akijua hawatakaa sana, alikwenda nyuma ya nyumba akameza kidonge kimoja. Saa tatu hakusikia lolote, akameza cha pili. Saa nne na nusu walikuwa nyumbani. Kichwa kikaanza kumgonga, uso ukawaka, pua ikaziba. Alipoinama kuvua viatu, kifua kikambana, ubanaji uleule anaoujua. Mkewe hakungoja kuambiwa. Alifungua kipochi, akafungua karatasi, akamwekea kidonge chini ya ulimi, vilevile alivyofundishwa hospitalini. Dakika chache baadaye mzee alisimama kwenda chooni, akaanguka mlangoni.

Walitufikia saa tano na robo: mke, binti yao mkubwa, mkwe, na jirani mwenye gari. Tansio ilikuwa 7 kwa 4, yaani 70 kwa 40 kwa wanaosoma milimita. Mapigo 118 kwa dakika. Sukari 142, kwa hiyo haikuwa imeshuka. Kipimo cha malaria, ambacho hapa Kongo hakuna mgonjwa anayekikosa, hakikuonyesha kitu. Mkewe alitueleza kwa ufasaha: kifua kilibana, nilimpa dawa yake ya moyo, akasimama, akaanguka. Maelezo hayo yalituridhisha upesi mno. Wapo watu wanaoanguka kwa kidonge cha nitrati peke yake wakisimama haraka, na tulishawaona. Tukamlaza, tukamwekea serumu (dripu), na baada ya chupa ya kwanza tansio ikapanda hadi 9 na nusu kwa 6. Kifua kikarudi kubana. Kijana wangu akafikiri kama alivyofundishwa: mgonjwa wa moyo, kifua kinabana, tansio imepanda, basi nitrati.

Ndipo mzee akauliza kuhusu taa.

Sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kimoja kwenye mishipa ya damu. Lakini kimeng'enya hicho kina ndugu yake ndani ya jicho, na dozi ikiwa kubwa naye huguswa. Mtu huona vitu vina rangi ya bluu, au mwanga unamuumiza macho. Nilikuwa nimesoma jambo hilo shuleni miaka mingi nyuma na sijawahi kulisikia kinywani mwa mgonjwa hadi siku ile.

Nikawaomba wote watoke nje, mkewe naye. Nikavuta pazia, nikakaa kitandani ili nisiwe nimemsimamia.

"Papa, leo ulikunywa dawa gani?"

"Ya tansio. Na ya sukari."

"Na ingine?"

Kimya.

"Papa, kuna dawa moja inafanyaka mutu anaona bluu. Mi siko wa kukuhukumu. Nataka tu kujua ulikunywa ngapi na saa ngapi."

Alitazama ukuta muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, angalia nyuma ya karti." Katika pochi yake, nyuma ya kadi ya mpiga kura, kulikuwa na kipande cha bamba kilichokunjwa. Vidonge viwili vilibaki, matundu mawili yalikuwa matupu. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya maandishi. Kilichosomeka ni FIL na 100. Hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe ya mwisho. Mara mbili alinisihi nisimwambie binti yake.

Hakuna dawa inayoitoa sildenafili mwilini mara moja. Kazi ni kumshikilia mtu hadi mwili wake uimalize wenyewe. Tuliweka tofali mbili chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo, tukaongeza nusu lita ya serumu polepole huku tunasikiliza mapafu yasije yakajaa maji, tukampa aspirini ya kutafuna baada ya kuuliza habari za vidonda vya tumbo na kumpigia daktari simu. Oksijeni hatukuwa nayo, mashine inataka umeme. Tansio tuliipima kila dakika kumi. Saa nane usiku ilikuwa 10 kwa 6. Saa tisa ilifika 11 kwa 7, kifua kikaachia, naye akatazama juu akasema: "Sasa iko nyeupe."

Kabla ya kumsafirisha asubuhi kwenda hospitali yenye mashine ya kupima moyo, nilimbandika sparadra, utepe wa kunata, kwenye mkono wa mbele na kuandika kwa kalamu nene: NITRATI HAPANA, SAA 48. Sildenafili ingetaka saa 24. Lakini tadalafili inakaa mwilini muda mrefu zaidi na inataka saa 48, nayo pia jina lake linaishia na FIL. Ile 100 ilielekeza kwenye sildenafili, ila bamba lililokatwa halitoi ushahidi wa kilichomo ndani ya kidonge. Tukahesabu kwa ile mbaya zaidi. Hospitalini hawakukuta moyo ulioziba. Sparadra walikuta, na waliisoma kabla ya kumgusa.

Nani alijua nini

Nilipokaa na daftari siku iliyofuata, niliandika majina ya watu na kando ya kila mmoja nikaandika alichokijua. Mke alijua kidonge cha moyo, hakujua cha bluu. Muuzaji alijua cha bluu, hakujua cha moyo. Mzee alivijua vyote viwili, lakini hakujua kwamba vina uhusiano. Kwake, kimoja ni cha kifua na kingine ni cha kiunoni, vitakutana wapi? Daktari aliyempa nitrati, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, hakumwambia kwamba kuna dawa za nguvu asizoruhusiwa kuzigusa kamwe. Na sisi wa kituo, tunaompima tansio kila mwezi, hatukuwahi kumuuliza habari za chumbani.

Watu husema dawa hizi zinatakiwa ordonansi (cheti cha daktari), halafu wanaichukulia ordonansi kama kibali, karatasi ya kumwonyesha mwenye farmasi. Tazama kisa hiki uone ordonansi ingefanya nini. Mtu anayeandika sildenafili kwa haki huuliza: una ugonjwa wa moyo? Umewahi kupata kiharusi au moyo kuziba ndani ya miezi sita? Unaweka dawa yoyote chini ya ulimi, unapuliza mdomoni, unabandika kifuani? Unaweza kupanda ghorofa mbili kwa haraka bila kifua kubana? Swali la dawa ya ulimi peke yake lingesimamisha kila kitu. Lingechukua sekunde tano. Kwa mtu anayetumia nitrati, ya kila siku au ya dharura tu, jibu ni hapana. Hata nusu kidonge.

Natamani kulisema jambo hili kwa namna ambayo mke yeyote anayetunza vidonge kwenye kipochi angelisikia: mama, hukufanya kosa. Ulifanya ulivyofundishwa. Kilichokosekana ni sentensi moja katika mafundisho hayo, na ilikuwa juu yetu kuisema.

Beseni lisilo na tundu

Kwa nini zikikutana zinaangusha mtu? Mishipa ya damu ina misuli laini ukutani. Mwili ukitaka ilegee hutuma nitriki oksidi, gesi ndogo sana, nayo husababisha kemikali ya kulegeza kutengenezwa ndani ya misuli hiyo. Mshipa unatanuka, damu inapita. Kazi ikiisha, kile kimeng'enya nilichokitaja kinakuja kuifagia kemikali, mshipa unarudi. Nitrati ya chini ya ulimi inaongeza nitriki oksidi: inafungua bomba. Sildenafili inamzuia mfagiaji: inaziba tundu la beseni. Bomba wazi peke yake, beseni linamwaga taratibu. Tundu limezibwa peke yake, maji yanapanda kidogo tu. Fanya vyote viwili, nyumba inafurika. Mishipa ya mwili mzima inalegea kwa pamoja, damu inazama miguuni na tumboni, na moyo ambao ulikuwa na njaa ya damu tangu mwanzo unabaki bila kitu.

Udugu wa dawa hizi ni wa kuzaliwa. Watafiti wa Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya kifua kinachobana, ugonjwa uleule wa mzee wetu. Kwa kifua haikufaa sana, ila wanaume wa majaribio wakaeleza jambo jingine, na mwezi wa 3 mwaka 1998 Marekani ikairuhusu kwa jina la Viagra. Ni dawa nzuri. Naisema hivyo bila kuogopa, maana nimeona ndoa zilizopumua kwa sababu yake, kwa wanaume waliochunguzwa na kuandikiwa. Kwa wengi dozi ya kuanzia ni miligramu 50, kama saa moja kabla. Mwenye miaka zaidi ya 65, au ini au figo dhaifu, huanzia 25. Na 100 ni kikomo, mara moja kwa saa 24. Mzee wetu alianzia kwenye kikomo, na baada ya saa moja akakizidisha mara mbili.

Hicho kidonge cha pili nakielewa, na nadhani wanaume wengi watakielewa. Alingoja saa moja, hakuna kitu. Lakini alikuwa ameshiba nyama ya mafuta, na mlo wa namna hiyo huchelewesha sildenafili kuingia kwenye damu kwa muda wa saa nzima hivi. Pia alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wajomba wanaojadili mahari. Dawa hii haisimamishi chochote yenyewe. Inasaidia pale ambapo mtu tayari ana hamu na anaguswa. Yeye alitegemea ishara ambayo isingekuja pale, akahukumu kwamba amepewa dawa bandia.

Na kuhusu bandia, hofu yake ilikuwa na msingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni bandia au haifikii ubora, na dawa za nguvu ni miongoni mwa zinazopendwa sana na waghushi. Kidonge kinaweza kuwa na nusu ya kinachosemwa, au zaidi, au kitu kingine kabisa. Unga wa mizizi nao usikupe usingizi mnono: wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekuta mara nyingi sildenafili au tadalafili imechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa zinazouzwa kama "za asili tupu". Mwenye kidonge cha moyo mfukoni anaweza kukutana na hatari hii kwenye kikombe cha mizizi, na asijue.

Miaka mitatu kabla

Hapa ndipo kisa kinaponiuma zaidi, kwa sababu si habari ya usiku mmoja tena.

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, kipenyo cha milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni 3 hadi 4. Sukari na presha vikianza kuharibu mishipa vinaiharibu yote, lakini iliyo myembamba huziba kwanza. Kwa hiyo kwa wanaume wengi uume hulalamika miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kifua. Sasa rudi kwenye hesabu ya mzee: shida ya chumbani miaka mitatu, shida ya kifua miezi minane. Mwili wake ulitoa taarifa mapema sana. Alikuwa na zaidi ya miaka miwili ya kurekebisha sukari, kupima mafuta ya damu, kuangalia moyo.

Na alituambia. Nilipochambua kadi yake nilikuta, mwaka mmoja na nusu nyuma, maandishi ya mmoja wetu: "Analalamika uchovu, nguvu zimepungua. Vitamini." Nilimuuliza mzee baadaye kama alimaanisha lile. Akacheka kidogo, akasema: "Kulikuwa na bamama kwenye benchi. Ungesema nini?" Mtu wa umri wake, mbele ya wanawake walio sawa na binti zake, alisema neno "nguvu" na kutumaini kwamba munganga ataelewa. Tukampa vitamini.

Kuna dogo jingine kwenye kadi ileile. Haidroklorothiazidi, kidonge chake cha tansio cha tangu zamani, ni kati ya dawa za presha zinazoweza kupunguza nguvu za kiume. Atenololi na propranololi nazo zinajulikana kwa hilo. Zipo za aina nyingine ambazo hazina sifa hiyo. Mtu asiache dawa ya tansio kwa kusoma maneno haya, kiharusi hakisubiri, ila aliyeona mabadiliko baada ya kuanza dawa fulani ana haki ya kumwambia aliyemwandikia, na kubadilishiwa.

Wasio na ugonjwa wa moyo nao wana maswali yao, niyapitie haraka. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao hapa tunaita SS, yuko katika hatari kubwa zaidi ya uume kusimama na kukataa kulala. Ukikaa hivyo zaidi ya masaa manne, kwake au kwa mtu yeyote, ni dharura ya hospitali usiku huohuo, maana nyama ya ndani inakufa. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir asizidishe miligramu 25 ndani ya saa 48, kwa sababu ritonavir inalizuia ini kuivunja sildenafili. Mwenye dawa za tezi dume kama tamsulosini aanze na dozi ndogo, presha isije ikaanguka. Anayepoteza kuona kwa jicho moja ghafla, au kusikia, aache dawa na akimbilie kwa daktari. Na vijana wazima wanaomeza kwa kujionyesha: haiwaongezei kile wanachokifikiria, na baadhi hufika mahali hawajiamini tena bila kidonge.

Baadaye

Siku ya tatu mzee aliomba mimi ndiye nimweleze mkewe, yeye akiwepo. Binti hakuwepo, na hadi leo hajaambiwa. Hiyo ni siri ya baba yake, nami naiheshimu. Nilitegemea mama angekasirika. Alikaa kimya, kipochi mapajani, halafu akamgeukia: "Miaka mitatu yote ile, mi nilizani uko na mwengine."

Mzee hakuwa amefikiria kabisa kwamba mkewe angeweza kuwaza hivyo. Alikuwa anaficha udhaifu, mwenzake akasoma usaliti. Niliwaacha wawili chumbani, nikaenda kupanga dawa kabatini kwa muda mrefu kuliko kabati lenyewe lilivyohitaji.

Daktari wa moyo aliamua nitrati ibaki, kwa hiyo sildenafili na ndugu zake zimefungwa kwa mzee huyu. Alibadilishiwa haidroklorothiazidi, sukari ikashughulikiwa kwa ukali, akaambiwa atembee, na sasa anatembea asubuhi hadi kibandani badala ya kupanda basi. Zipo njia nyingine ambazo hazigongani na nitrati, kama pampu ya kuvuta damu, lakini Lubumbashi si rahisi kuipata, na wao wamesema si sasa. Baada ya miezi minne aliniambia kwamba asubuhi nyingine mwili unaamka kidogo. Hajapona. Lakini wanaongea.

Pale kituoni, kipimo cha tansio cha wanaume wa zaidi ya miaka 40 tumekihamishia kwenye chumba cha nyuma, chenye mlango unaofungwa, na swali linaulizwa na sisi kwanza, kwa maneno yasiyopinda. Wiki ya kwanza wanaume watatu walijibu ndiyo. Mmoja wao alikuwa na vidonge vya nitrati mfukoni. Mama naye aliniomba kalamu. Kwenye ile karatasi ya daftari ameandika juu ya vidonge: MUULIZE KWANZA.

Nilimwendea pia kijana wa sokoni. Sikumtisha, ana watoto na hakuna aliyemfundisha. Alidhani ile ni dawa ya nguvu kama sukari ilivyo ya chai. Aliponisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimwandikie majina ya dawa za moyo za kuuliza. Nikaandika kwenye kipande cha kartoni: isosobidi, Risordan, trinitrini, chochote cha chini ya ulimi. Akakipigilia msumari juu ya droo yake. Nimepita tena mara mbili tangu hapo. Kartoni bado iko. Mkasi nao bado uko kwenye droo, na bamba zinakatwa katikati ya jina kama kawaida. Juma lijalo nitarudi kwa ajili ya mkasi.